Mbu na mbuzi, makofi mawili

Mbu na mbuzi, neno lipi refu? Mtoto wa miaka 5 atacheka: mbuzi, bila shaka. Mwambie apige kofi kwa kila silabi. Mbu-zi, mawili. M-bu, mawili vilevile, maana hapo m husimama peke yake kama silabi kamili. Atarudia, haamini masikio yake.

Hajaona herufi hata moja, lakini amefanya kazi kubwa: amemwacha mnyama na mdudu, akalisikiliza neno lenyewe. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford, Uingereza, waliandika katika jarida la Nature habari za watoto 400 na ushei wa miaka 4 na 5 waliowafuatilia. Waliokuwa wepesi kunasa neno lililopishana sauti na wenzake ndio walioelekea kusoma vizuri zaidi miaka michache baadaye.

Kanazi, wilayani Bukoba, mtoto huja shuleni na masikio mawili kweli. Nyumbani ni Kihaya. Darasa la awali, ambalo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ililifanya la lazima, ni Kiswahili. Omuti wa nyumbani una makofi matatu, o-mu-ti. Mti wa shuleni mawili. Embuzi matatu, mbuzi mawili. Mwalimu anayelijua hilo ana mchezo wa wiki nzima bila kumaliza chaki. Bibi anayetega vitendawili huku akimenya ndizi ameshamwanzia kazi.

Tatizo ni daftari. Mzazi akilifungua akalikuta jeupe, hununa: “Mwalimu, huyu si anacheza tu?” Basi mwalimu hukimbilia a, e, i, o, u. Mtoto huziimba zote tano kwa sauti ya kupasua paa, ila ukimuuliza neno “ua” limebeba zipi, anakodoa macho.

Na michezo hii haikuletwa na semina. Karne ya 19 mmisionari Edward Steere alikuta Unguja watu wakisema kinyume: silabi ya mwisho hutangulizwa mbele. Ndizi ikawa zindi. Kanazi ikawa Zikana, na hapo darasa zima hulipuka kwa kicheko. Kila mtoto hutaka kupindua neno lake, mpaka mmoja ajaribu “mama”. Hupindua mara ya kwanza, hupindua tena polepole, kisha humtazama mwalimu kama aliyedhulumiwa.