Maji ya Ziada ni Yapi?

Agosti ya mwaka jana, wakati wa likizo, nilipata kibarua cha kutengeneza bustani ya nyasi katika nyumba moja ya Mutanga Kusini, si mbali na kampasi yetu. Huku Bujumbura kiangazi huanza Juni, na ukoka hukauka mpaka ukawa na rangi ya mkeka wa zamani. Mvua hurudi Septemba au Oktoba, ndipo wakulima wa milimani wanapopanda mahindi na maharagwe ya agatasi. Anayetaka nyasi nzuri nyumbani naye huandaa udongo kabla ya mvua hiyo.

Kazi niliipenda. Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Ua wetu ni saruji, ndoo na kamba za nguo. Tulifyeka majani makavu, tukaokota mawe, tukatifua sehemu zilizokuwa kipara na kuchanganya samadi iliyokwisha kuoza. Kisha tukapandikiza vipande vya ukoka vyenye mizizi. Bibi yangu, anayelima Rumonge, angenicheka sana. Yeye maisha yake yote hupigana na ukoka shambani, huuchimba na kuuanika juani ufe. Mjukuu wake analipwa kuupanda!

Tatizo lilikuwa tarehe. Mama mwenye nyumba alitarajia wageni wa posa ya binti yake mwisho wa mwezi, na alitaka uwanja uwe kijani siku hiyo. Kwa hiyo ilinibidi kumwagilia asubuhi na jioni, kwa mpira uliounganishwa na tangi la nyumba. Wiki hiyo mabomba ya mitaa ya jirani yalikuwa makavu. Siku ya tatu akaja langoni msichana wa miaka kama kumi kutoka Mugoboka, na bidoni ya lita 20.

"Kaka, nijazie."

Zamu, mzee wa makamo, akajibu kabla yangu: "Maji haya si yangu wala si ya huyu. Nenda, binti."

Hakuondoka mara moja. Mimi nikauvuta mpira hadi upande wa pili wa nyumba, nikamwagilia huko, ili nisimwone.

Madrasa ya Buyenzi tulifundishwa kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, majani na moto, na kwamba mtu asizuie maji yaliyozidi haja yake. Nikiwa mtoto niliona somo hilo ni rahisi. Sasa najiuliza: haja huishia wapi?

Nilianza kwa kuilaumu bustani yenyewe. Ardhi hii ingeotesha lengalenga, nikasema, nyasi ni majivuno. Lakini si kweli kabisa. Mji wetu umejengwa chini ya milima, na udongo ulio wazi hushuka na mvua. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji na matope yaliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini, na kingo za mto Ntahangwa bado zinameguka karibu na nyumba za watu. Uwanja wenye ukoka kwenye mteremko unamsaidia pia jirani aliye chini. Ila kwa kazi hiyo ukoka hauhitaji mpira wa maji mwezi wa Agosti. Mizizi iliyokwisha kushika hulala tu, na mvua ya kwanza huiamsha. Na hata vile vipande vyetu vipya vingeweza kusubiri mvua ndipo tuvipande. Maji yale yalikuwa ya macho ya wageni.

Je, macho ya wageni si haja? Dada yangu alipoposwa, mama alipaka rangi ukuta wa mbele kwa pesa za viatu vyangu vya shule, na hakuna aliyemwona mpumbavu. Heshima ya nyumba ina gharama yake. Ndiyo maana siamini kwamba ziada hupimwa kwa kuchungulia ndani ya tangi. Asubuhi ile, kabla lango halijagongwa, maji yote yalikuwa ya haja. Msichana aliposimama pale na bidoni, lita 20 zikawa ziada, ingawa tangi halikuongezeka hata tone.

Mwenzangu wa darasani anapinga: kesho watakuja kumi, keshokutwa hamsini, na nyumba moja haiwezi kubeba kazi ya mji mzima. Ana haki. Lakini siku ile alikuja mmoja. Anasema pia kwamba kibarua hana lawama, maji si yake. Hapo ndipo hoja yake inaponichoma, kwa sababu ndiyo niliyojiambia nikiuvuta mpira. Mwenye maji alikuwa ndani, hatua thelathini. Sikumwuliza. Niliamua mwenyewe kwamba ana roho ngumu, kwa kuwa ana tangi.

Siku ya malipo nilimweleza. Alikuwa anahesabu noti mezani, akasimama.

"Mbona hukuniita?"

Sikuwa na jibu. Zamu alikuwa mlangoni, akageuka kutazama barabara. Mama akarudisha noti zote pamoja, akaanza kuhesabu upya.