Kichwa cha Sangara na Viazi vya Varda

Agnès Varda alikuwa bibi aliyevuka miaka 70 alipochukua kamera ndogo ya dijitali, ya kushikika kwa mkono mmoja, akaingia mashambani kwa Wafaransa kutafuta watu wanaookota masazo. Filamu aliyoitoa mwaka 2000, Les Glaneurs et la glaneuse, ina shamba moja la viazi ambalo sijapata kulisahau. Mavuno yamekwisha, mashine imeshapita, na lori linamwaga chini viazi tani kwa tani: vikubwa kupita kiasi, vilivyokatika, vilivyoota kwa maumbo ya ajabu. Madukani havitakiwi. Watu wanafika na magunia. Varda naye anachutama, anaokota kimoja chenye umbo la moyo, kisha kingine, anavibeba hadi nyumbani kwake. Mkono mmoja unaokota, mwingine unarekodi.

Kwamba Ulaya kuna maskini, hilo tumekwisha kuambiwa. Kilichonishangaza ni wakili. Amesimama shambani na joho lake, kitabu chekundu cha sheria mkononi, anaeleza kwamba kuokota masazo ni haki ya watu. Amri ya mfalme ya mwaka 1554 iliwaruhusu wasio na kitu kuingia shambani mavuno yakiisha, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Aliyesoma Biblia atamkumbuka Ruthu katika shamba la Boazi. Mwenye shamba hakuwa anagawa sadaka kwa atakayempendeza. Masazo yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walijulikana. Huko Noirmoutier, pwani ya magharibi, wapo wanaookota chaza waliosombwa na mawimbi kutoka kwenye vitalu vya wafugaji. Ukiwauliza ni kilo ngapi zinaruhusiwa, kila mmoja ana hesabu yake na anaiapia. Hapo nilicheka, kwa sababu ni mazungumzo ya mtu yeyote anayejua haki yake ipo ila hajawahi kuisoma.

Kisha yuko bwana mmoja wa Paris. Ana shahada ya uzamili ya biolojia, na kila soko linapofungwa utamkuta ameinama kati ya makasha akitafuna tufaha lililoachwa. Varda anamtazama siku kadhaa kabla ya kumsogelea. Baadaye tunagundua kwamba usiku bwana huyu anawafundisha wahamiaji kutoka Mali na Senegal kusoma na kuandika Kifaransa, kwenye hosteli hiyo hiyo anayolala, bila malipo. Ubaoni amechora picha, anatamka neno, wanafunzi wanarudia. Kamera imetulia. Kama Varda angeondoka mchana ule pale sokoni, tungebaki na picha ya mtu anayekula takataka.

Miaka minne baada ya filamu hiyo, masazo mengine yalifika kwenye kumbi za sinema za Ulaya, na haya yalikuwa ya kwetu. Hubert Sauper, Mwaustria anayeishi Ufaransa, alikuwa ametoka Mwanza na Darwin's Nightmare. Wengi wetu tunaijua kwa ugomvi wake kuliko kwa kuiona. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawala furu hadi aina nyingi zikatoweka, kisha akageuka mali. Minofu inapakiwa katika ndege za Ilyushin kwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, yaani mapanki, vinapakiwa katika malori na kupelekwa kuanikwa na kukaangwa kwa ajili ya wenyeji. Filamu ilipata tuzo ya César huko Ufaransa, ikateuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2006.

Sauper ana jicho, nisimnyime lake. Mwanzoni kabisa kuna mwongoza ndege katika mnara wa uwanja wa Mwanza ambaye anahangaika na wadudu wanaoruka kwenye kioo, anawapiga huku ndege inatua. Kuna meneja wa kiwanda mwenye samaki wa plastiki ukutani anayetikisa mkia na kuimba. Kuna mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayelinda kwa malipo ya dola moja hivi, na ambaye bila kupandisha sauti anasema vita vikija si vibaya, jeshini kuna mshahara. Kuna rubani wa Kirusi ambaye mwishoni, kwa uzito wa moyo, anakiri kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola na kurudi Ulaya na zabibu alizopakia Johannesburg. Mambo hayo huwezi kuyapata kwa kupita njia.

Lakini mapanki aliyapiga picha kana kwamba yenyewe ndiyo aibu. Funza, moshi, mifupa iliyotundikwa kwenye miti hadi upeo wa macho. Kwetu kichwa cha samaki kinagombewa. Kichwa cha sato kwenye supu ya ndimu na pilipili huwekewa baba, au mgeni, na watoto wanasubiri waone kama atabakiza shavu. Kula kichwa kwa sababu unakipenda ni jambo moja, na kula kichwa kwa sababu kiwiliwili kimepanda ndege ni jambo jingine kabisa. Filamu ilikuwa na ushahidi wote wa jambo hilo la pili, ila kwa kutuonyesha uozo mwingi ikatufanya tubishane juu ya la kwanza. Wapo waliosema mapanki ni chakula cha kuku. Wapo waliosema ni kitoweo safi, njooni tuwakaangie. Swali la nani ameamua kwamba minofu ni ya yule na mifupa ni ya huyu likapotea katikati.

Kwenye silaha ni hivyo hivyo. Filamu inauliza tena na tena ndege zile zinazochukua minofu zinakuja na nini, kama si silaha, na jibu linabaki kuning'inia. Mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, alimshambulia Sauper kwa hilo, hadi kuandika kitabu. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa ushindi. Sisi hatukwenda mahakamani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani, na mwandishi wa habari wa Mwanza aliyehojiwa ndani yake akasumbuliwa, hata uraia wake ukatiliwa shaka. Katika nchi inayojivunia ukarimu hilo ni doa, na si doa alilotupaka mgeni mwenye kamera.

Tofauti ya Varda na Sauper, kwa maoni yangu, si upole na ukali. Ukali unahitajika. Tofauti ni kwamba Varda alirudi. Mwaka 2002 alitoa filamu fupi zaidi, Deux ans après, baada ya kuwatembelea tena watu wale wale miaka miwili baadaye, na kuwauliza wamepata nini, wamepoteza nini, na filamu waliionaje. Yule bwana wa sokoni alimwambia usoni kwamba filamu ni nzuri, lakini zile sehemu anazojirekodi mwenyewe hazikuwa na haja. Varda hakulikata jibu hilo, amelibakiza tulisikie. Kwangu hiyo ndiyo heshima hasa: umemrekodi mtu, kisha umempa nafasi ya kukukosoa, tena kwa kamera yako mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2006 tulipokuwa tukibishana juu ya mapanki, mwongozaji Abderrahmane Sissako alitoa filamu ya Bamako, ambamo Benki ya Dunia na IMF wanashtakiwa katika ua wa nyumba, wanawake wakiendelea kutia rangi vitambaa na bomba la maji likitumika kama kawaida. Mzee mkulima anasimama na kutoa ushahidi wake kwa kuimba, na Sissako hakuweka tafsiri. Anayetazama kutoka Paris au Dar es Salaam anabaki kumsikiliza tu. Naitaja kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Mwafrika kwenye skrini ama atalia ama atacheza ngoma.

Tangu Sauper afungashe vifaa vyake, biashara yenyewe imegeuka kwa namna ambayo hata yeye angeiona kama mzaha. Bondo la sangara, lile puto la hewa ambalo zamani halikuwa na maana kwa mvuvi wa kawaida, sasa linasafirishwa kwenda China, na kwa kilo lina bei kubwa kuliko minofu yenyewe. Mvuvi anampasua samaki kwanza kutafuta bondo. Dagaa nao, waliokuwa kitoweo cha mwisho wa mwezi, wamekuwa biashara inayovuka mipaka. Orodha ya kilicho cha thamani na kilicho cha kutupa imepinduliwa, na sidhani aliyeipindua anakaa kando ya ziwa.

Watoto wa mitaani walioonekana katika Darwin's Nightmare wakigombania wali, wale waliosalimika, leo ni watu wazima wenye watoto wao. Kina mama wa mapanki wamezeeka. Dunia nzima iliwaona, na sijasikia kwamba kuna aliyerudi kuwauliza waliionaje filamu ile. Vijana wa filamu wa Mwanza, simu mlizo nazo mfukoni zinatoa picha kali kuliko kamera ya Varda, na lugha ya watu hawa mnaijua bila mkalimani. Kaionyesheni filamu ile kwanza Kirumba, hapo hapo Mwanza, wazi, jioni, maneno ya marubani yakiwa yametafsiriwa kwa Kiswahili, na wazee wa ziwa waseme wanachosema hata kama kitamuudhi mtu. Kisha washeni kamera.