Ngamia Mgonjwa na Haki ya Jirani



Wako miongoni mwetu wasemao ya kuwa kujikinga na maradhi ni upungufu wa tawakkul. Maneno haya yana sura ya imani, lakini hayawafikiani na mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.). Yeye alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Na tauni ikiingia katika nchi, aliye nje asiingie, wala aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (R.A.) aliposikia tauni imezuka Sham, alirejea Madina, akabainisha ya kuwa atoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu.

Katazo hilo la ngamia halihitaji tafsiri kwa mfugaji wa Bute, huko Wajir Kaskazini. Ajua ya kuwa akimnywesha mnyama wake mgonjwa pamoja na kundi la jirani, hasara haitakuwa yake peke yake. Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, ikaenea hata Kilifi. Mbu waliieneza, na damu ya mnyama mgonjwa ikamwambukiza mchinjaji. Katika Kenya walikufa watu zaidi ya 150. Kuchinja kukapigwa marufuku Garissa. Je, mwenye kuchinja kwa siri siku zile, alikuwa akiuza nyama au mauti?

Wengi wetu wa miji ya pwani hatuna ngamia, lakini tuna pumzi. Mwaka 2020 ilipokuja Korona, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa tangu 6 Mei, ndani ya Ramadhani, na misikiti ilikuwa imefungwa. Uchungu ule twaukumbuka. Lakini mwenye kuficha homa yake akaenda kupeana mikono arusini au matangani, ana tofauti gani na mwenye ngamia mgonjwa kisimani?

Wala tusimlaumu hamali asiyeweza kukaa nyumbani kwa njaa. Mtaa umtakao ajitenge, na umpelekee chakula. Sadaka ni za siku kama hizo.

Haki ya Mwenyezi Mungu hufutwa kwa toba. Haki ya mja yataka radhi ya mwenyewe. Na aliyekwisha kuzikwa, utamwomba radhi wapi?

Mwenyezi Mungu atukinge, na awakinge wenzetu na shari yetu. Amin.