Nani Alikausha Yai?

Kifaranga wa bata akitoboa yai halafu akwame, umsaidie au umwache? Waulize wafugaji watano, utapata majibu mawili, na yote yatatolewa kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa. La kwanza: usiguse. Mwenye nguvu atatoka, asiye na nguvu hakuandikiwa. La pili: msaidie bana, kwani moyo wako ni jiwe? Wahenga nao walisema kuku havunji yai lake, lakini hata methali hiyo inavutika pande zote mbili. Kuku havunji yai kwa sababu anampenda aliye ndani. Au kuku havunji yai hata kama aliye ndani anakufa.

Mimi naishi Obunga, hapa Kisumu, na swali hili limenikaa kichwani kuliko nilivyotarajia. Nadhani ni kwa sababu majibu yale mawili nimeyasikia mahali pengine pengi, na hakukuwa na bata.

Kwanza tuelewe kinachotokea mle ndani, maana watu hubishana sana bila kujua. Yai la bata wa kawaida huchukua siku 28. Bata wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao mitaani kwetu ni wengi, mayai yao huchukua siku 35. Ya kuku ni 21 tu, ndiyo maana kuku ukimpa mayai ya bata aatamie, ikifika wiki ya nne anakutazama kama mtu aliyeahidiwa kibarua cha siku tatu.

Siku mbili hivi kabla ya kutoka, kifaranga hutoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa kilicho upande mpana wa yai. Hapo ndipo anapovuta pumzi ya kwanza kwa mapafu yake. Ukiweka sikio unaweza kumsikia akilia, na ganda bado ni zima. Kisha, kwa kile kinundu kigumu kwenye ncha ya mdomo, anapasua tundu dogo upande wa nje. Halafu ananyamaza. Saa 12 zinapita. Saa 24. Wakati mwingine zaidi.

Mtu wa mara ya kwanza hapo hukosa usingizi. Anaona mtoto amechoka, amekata tamaa, anakufa. Kumbe huko ndani kazi inaendelea. Damu iliyokuwa ikizunguka kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu, kiwe chakula chake cha siku ya kwanza na ya pili. Ukianza kumenya ganda kabla kazi hiyo haijaisha, unakata mishipa ambayo bado ina damu. Anaweza kuvuja hadi afe mkononi mwako, na ulichokuwa nacho ni huruma tupu.

Binadamu nasi tuna jambo linalofanana na hilo. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu cha mtoto mchanga kisibanwe kabla dakika moja haijapita, kwa sababu damu bado inatoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto. Dakika moja si kitu. Lakini simama pale chumba cha kujifungulia, mtoto yuko wazi mbele yako, mkono unawasha kufanya kitu, uone ilivyo ndefu.

Kwa hiyo wale wa "usiguse" wana sababu, na ni sababu nzuri. Shida yangu ni kwamba wengi wao hawaitumii. Wanatumia nyingine kabisa, ile ya kipepeo. Hadithi hiyo unaijua, umeshaisikia shuleni, kanisani, na kwa kila mtu aliyewahi kushika maikrofoni akawaambia vijana wajitume. Mtu aliona kipepeo akihangaika kutoka kwenye kifuko chake, akamwonea huruma, akakata kifuko kwa makasi, kipepeo akatoka kilema. Funzo: shida ndiyo inakupa mabawa. Tulia uteseke, utakuja kushukuru.

Hizo ni sababu mbili tofauti, na zimefungwa kwenye mfuko mmoja. Ya kwanza inasema: ngoja, kuna damu ambayo haijaingia. Hiyo unaweza kuipima, ina mwanzo na mwisho, na ikiisha haina tena haki ya kukuzuia. Ya pili inasema mateso yenyewe ni dawa. Hiyo haina mwisho. Ukiteseka ukatoka, mateso yalikujenga. Ukiteseka ukafa, hukuwa imara. Mwenye hadithi hakosei hata siku moja, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa kipepeo hawaligusi: unyevu.

Yai linahitaji joto la kama nyuzi 37.5, hilo kila mtu anajua. Lakini bata ni ndege wa maji. Mama bata akitoka kwenye kiota huenda akaoga, akarudi na manyoya yamelowa, akayalalia mayai hivyo hivyo. Kuku hafanyi hivyo, ndiyo maana anayetumia kuku hunyunyizia mayai ya bata maji kidogo ya vuguvugu. Kwenye inkubeta unaweka bakuli la maji, na siku tatu za mwisho unyevu unapandishwa hadi kama asilimia 70, halafu kifuniko hakifunguliwi ovyo. Ukikifungua kila nusu saa upige picha ya kuweka status, mvuke wote unatoka. Utando unaokizunguka kifaranga unakauka, unakuwa kama ngozi ya viatu, unamshika mabawa na shingo. Sasa amekwama kweli. Damu imeshaingia, kiini kimeshaingia, kazi yake ameimaliza yote, na hawezi kugeuka ili akate ganda.

Huyo ndiye anayeambiwa hana nguvu.

Karibu na kwangu kuna mama anayekaanga mgongo wazi. Kama hujawahi kufika Obunga, mgongo wazi ni mifupa ya mbuta. Viwanda vinatoa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, kichwa na uti wa mgongo vinashuka kwetu, vinakaangwa, na kusema kweli ni vitamu. Mama huyu ana inkubeta ya jua kali, sanduku la mbao lenye balbu mbili na kipimajoto. Stima ikipotea, na inapotea, anajaza maji ya moto kwenye chupa za soda, anazifunga kwa vitambaa na kuzipanga ndani. Nimemwona akiamka saa nane usiku kuzibadilisha. Anayesema kungoja ni kukaa tu hajawahi kungoja hivyo.

Mwaka jana mayai yake 8 yalitoboka. Vifaranga 7 walitoka ndani ya siku moja na nusu. Wa nane alibaki na tundu lake, na kwenye tundu utando ulikuwa umegeuka rangi, kahawia na mkavu. Kijana wake wa kidato cha pili akasema, mama wachana naye, huyo ni dhaifu, ndivyo maumbile yanavyochagua. Walikuwa wamefika hapo kwenye somo la bayolojia, nadhani.

Mama hakumjibu. Alichukua maji ya vuguvugu kwenye kikombe, akalowesha kidole, akapaka ule utando pole pole pembeni ya tundu. Ukilowa, utando unakuwa kama kioo, unaona ndani. Akanionyesha kwa tochi ya simu: uzi mwekundu. Akaacha papo hapo, akarudisha yai, akafunga.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "hiyo nyekundu ikionekana, wewe toa mkono. Ikipotea, ukitoa mkono ni uvivu."

Aliangalia tena baada ya saa nne, uzi ulikuwepo ila mwembamba. Usiku wa manane haukuwepo. Ndipo akaanza kuondoa ganda, kipande, kisha mapumziko, kisha kipande, kuanzia upande wa chumba cha hewa, hadi kichwa kikawa huru. Sehemu ya chini akaiacha. Kifaranga akajisukuma mwenyewe akatoka kabla ya asubuhi.

Nikamuuliza kama haogopi kumdekeza, maana swali la kipepeo lilikuwa bado linanisumbua. Akaniangalia kama nimeuliza upuuzi. Akasema stima ilipotea mara mbili wiki ile na yeye alifungua sanduku mara nyingi kuweka chupa, "kwa hivyo ni sisi tulimkausha." Kisha akarudi kwenye sufuria zake.

Nilipokuwa chuoni, kabla karo haijanitoa mwaka wa pili, tulifundishwa lile fumbo la tramu. Philippa Foot, mwanafalsafa Mwingereza, alilileta mwaka 1967: tramu inakimbia, mbele kuna watu watano, njia ya pembeni kuna mmoja, dereva afanyeje? Tulibishana darasa zima. Siku hizi ninaona fumbo lile linakuondolea mambo mawili ambayo maishani hayaondoki. Linakuondolea muda, kwa sababu lazima uamue sasa hivi. Na halina swali kuhusu nani aliwafunga watu relini. Yai halikupi nafuu hiyo. Una saa 48 za kuangalia, kupaka maji, kuangalia tena. Na ukitafuta nani aliyekausha utando, mara nyingi mkono wenye kosa ndio ule ule ulioshika kifuniko.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kambi zote mbili. Kungoja na kuacha vinafanana kwa anayetazama kutoka mlangoni: mtu hajagusa yai. Tofauti iko kwenye kile anachofanya usiku. Anayengoja anaweka maji, anabadilisha chupa, anamulika, anajua dalili gani ikionekana ataingilia. Anayeacha amelala, na asubuhi ana maelezo kuhusu maumbile.

Nimewahi kuambiwa nikaze. Karo ilipokwama nilizunguka ofisi kadhaa, na ushauri niliopewa bure ulikuwa mwingi kuliko nilioomba: wengine walisoma na taa ya koroboi, wengine walitembea kilomita 10 pekupeku, wewe ni kijana, pambana. Hakuna aliyeuliza kama damu ilikuwa bado inaingia au kama utando ulikuwa umekauka. Nisieleweke vibaya, kuna siku kijana anahitaji aachwe ajaribu mwenyewe, na mzazi anayemfanyia mtoto kila kitu anamenya ganda mapema. Lakini nchi inayozima stima yenyewe, halafu ikaja kuhesabu nani amekufa ndani ya yai na kuwaita dhaifu, hiyo haina haki ya hadithi ya kipepeo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza. Mwenye mayai 300 hawezi kukesha na moja. Na wapo wafugaji wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba ukimsaidia kila aliyekwama halafu ukamfanya mzazi wa kundi, udhaifu ambao kweli ni wa kuzaliwa utauzalisha. Sawa. Basi usimtumie kwa mbegu. Hilo ni uamuzi kuhusu mayai ya kesho, halikulazimishi umwache huyu wa leo akauke. Kuhusu mayai 300 sina jibu zuri. Labda mwenye kuwa na mengi kiasi cha kutoweza kuyaangalia angalau ahakikishe maji hayaishi kwenye bakuli.

Kifaranga wa nane alitoka na miguu inayoteleza pembeni. Hilo hutokea, na hutokea zaidi ukiwaweka juu ya gazeti, kwa sababu wanateleza, kwa hiyo mama hutandika gunia na juu yake maganda ya mpunga yanayotoka Ahero. Alimfunga miguu kwa utepe wa kitambaa, nafasi ya kidole kati ya mguu na mguu, siku nne. Maji aliwawekea kwenye sahani yenye kokoto, wazamishe mdomo na pua bila kuzama wenyewe, kwani kifaranga asiye na mama wa kumkausha akilowa anapata baridi haraka. Balbu aliishusha, na kila wiki akaipandisha kidogo. Na kwenye chakula aliwachanganyia machicha ya busaa, ambayo Obunga hayakosekani. Vifaranga wa bata wanahitaji vitamini B3 kuliko wa kuku, wakiikosa miguu inapinda, na hamira ya pombe inayo. Yeye hajui habari za B3. Anajua kwamba bata wa wapika busaa hawachechemei.

Huyu wake anachechemea bado, kidogo. Jumapili moja alimpeleka sokoni Kibuye pamoja na wenzake watatu. Mnunuzi akawageuza geuza, akamwona anavyotembea, akataka apunguziwe bei kwa huyo mmoja. Mama akasema bei ni ile ile, nyama ni ile ile, na kazi aliyofanya kwa huyo ni zaidi. Mnunuzi akachukua watatu. Wa nne akarudi nyumbani ndani ya kikapu, kichwa nje, na sasa ndiye anayeongoza wengine kwenye mtaro mvua ikinyesha.