Siku Chache, Watoto Wadogo

JUMATANO

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia aliagizwa kufanya nini alipokuwa mgonjwa wa kufa? Baada ya kuomba, alipewa tiba gani?

Hezekia aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa havikugombana.

Mama mwenye saratani iliyosambaa mwilini, mwenye watoto wa miaka minne na saba, anaielewa sura hii. Anaomba aponywe. Anakwenda kupata mionzi na dawa. Lakini anapotaka kupanga mambo ya nyumbani mwake, kama Hezekia alivyoagizwa, ndugu wa kanisani humzuia: "Usitaje kifo, hiyo ni kukosa imani." Basi ananyamaza. Watoto wanaona nywele zikinyonyoka, wanasikia minong'ono jikoni, na mdogo anaanza kuwaza kwamba mama anaumwa kwa sababu yeye ni mtundu.

Soma 2 Wafalme 13:14. Elisha, ambaye kwa maombi yake mwana wa Mshunami alifufuliwa, alikufa kwa ugonjwa. Je, kuna fungu lolote linalosema imani yake ilipungua?

Sasa linganisha 2 Wafalme 21:1, 2 na Kutoka 2:1–10. Manase alianza kutawala akiwa na miaka 12. Alizaliwa basi ndani ya ile miaka 15 aliyoongezewa baba yake. Akawa mwovu, hata alipokuja kutubu baadaye. Yokebedi yeye alijua kwamba mtoto angeondoka mikononi mwake, akamlea kwa muda mfupi tu. Musa alipokuwa mtu mzima alichagua kuteswa pamoja na watu wa Mungu (Waebrania 11:24–26). Biblia haimlaumu Hezekia kwa dhambi za mwanawe. Lakini inaonesha kwamba wingi wa siku peke yake haumlei mtoto, na kwamba uchache wa siku haumzuii Mungu.

Mama huyu afanye nini na siku zake? Kwanza, awaambie watoto ukweli kwa maneno mepesi: ugonjwa unaitwa saratani, hawakuusababisha, wala kumkumbatia mama hakuwaambukizi. Pili, akubali kutulizwa maumivu. Mofini ya maji iliyoandikwa na daktari si udhaifu wa kiroho. Maumivu yakipungua, mama hupata nguvu ya kukaa na watoto. Tatu, ataje mapema atakayewalea, kama Yesu alivyomkabidhi mama yake kwa Yohana akiwa katika maumivu ya msalaba (Yohana 19:26, 27). Nne, aache kumbukumbu. Katika miaka ya 1990, akina mama wa Uganda wenye virusi vya UKIMWI waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, siku walipozaliwa, na mambo mama aliyowatakia.

Soma 1 Wathesalonike 4:13–18 na 1 Wakorintho 15:26. Mtoto akiambiwa, "Mama amesafiri," atamngojea mlangoni. Akiambiwa, "Mungu amemchukua," atamwogopa Mungu. Biblia inakiita kifo adui, na wafu wanangojea wito wa Kristo. Hata neno "amelala" lifafanuliwe, mtoto asije akaogopa kitanda chake: huu si usingizi wa kila usiku, bali mwili umeacha kufanya kazi, hadi Yesu atakapomwamsha mama.

Kwa hiyo kanisa limwombee mama huyu apone, bila kuchoka. Tena limfulie nguo, liwapeleke watoto shule, na limruhusu aseme yaliyo moyoni. Kuwaandaa watoto si kukata tamaa. Ni kumkabidhi Mungu, kwa macho makavu au yenye machozi, wale ambao ni wake tangu mwanzo.

Maswali ya Kujadili: Je, katika kanisa lako mgonjwa anaweza kutaja kifo bila kukemewa? Ni familia gani ambayo darasa lenu linaweza kuisaidia wiki hii, na kwa kazi gani hasa?