Sumukuvu na Ini

Mwaka 2016 familia kadhaa za mikoa ya Dodoma na Manyara zilikula ugali wa mahindi waliyoyalima wenyewe. Watu wakaugua: macho ya njano, matumbo kuvimba, kutapika. Wengine walifariki dunia, wakiwemo watoto. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri.

Hao waliila nyingi kwa mpigo. Kinachoninyima usingizi ni ile inayoliwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu sumukuvu husababisha saratani ya ini. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko hatarini mara nyingi zaidi. Na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ulioiva sawasawa bado unaweza kuwa nayo.

Mama unayechambua karanga huko Kongwa, Bahi au Chemba, zile zilizosinyaa na kubadilika rangi usizisage za uji wa mtoto. Usimpe ng'ombe pia, sumu hupita hadi kwenye maziwa. Anika juu ya turubai, si ardhini.

Nawe baba, ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, ukakonda bila sababu, tumbo likajaa, usisubiri mavuno yaishe. Nenda kituo cha afya, uombe na kipimo cha homa ya ini. Ukikutwa huna maambukizi, chanjo ipo.