Ridhaa ya Abiria

Kumwuliza abiria kama ameridhika na usafiri anaopewa ni jambo la insafu, nami simlaumu mwenye kulibuni; ila katika mji kama Dar es Salaam, ambako watu hulelewa na subira ya kituoni tangu utoto, ridhaa ni kipimo kisichoaminika sana.

Mtu mzima aliyeshuhudia Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoundwa mwaka 1974, likielemewa na wingi wa watu kwa uchache wa mabasi yake, hata serikali ikaridhia mwaka 1983 magari ya watu binafsi yabebe abiria kwa halali, kisha akajaaliwa kuona mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakipita katika njia yao wenyewe baina ya Kimara na Kivukoni, hawezi kuyapima ya leo ila kwa taabu za jana. Akisema ameridhika na asadikiwe, lakini isidhaniwe kwamba amepata haki yake yote. Kipimo cha Ulaya cha ubora wa usafiri wa umma, cha mwaka 2002, kijulikanacho kama EN 13816, hutenga mambo manne: huduma aitakayo abiria, huduma aliyokusudia mwenye mabasi, huduma iliyotolewa kwa hakika, na huduma abiria aionavyo, nasi tukiuliza ridhaa peke yake twagusa hilo la mwisho tu.

Wapo, tena si haba, ambao jioni hupanda daladala inayoelekea mwisho wa njia, kinyume cha waendako, ili wageuze nayo wakiwa wamekwisha kukaa, na kwa ajili ya kiti hicho hulipa nauli mara mbili. Mwenye kuhesabu nauli huona hapo biashara iliyostawi. Na abiria huyo akiulizwa ndani ya gari, naye ameegemea dirisha, atajibu kwamba huduma ni nzuri na anashukuru (sisi watu wa pwani tu wepesi wa kushukuru mbele ya mgeni mwenye kalamu). Huku nje mwanafunzi aliyezuiwa mlangoni na konda, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, hahesabiwi wala haulizwi, maadamu hajawa abiria.

Kwa hiyo lau ningepewa mimi kazi hiyo ya kuuliza, ningeiacha safari yenyewe nikasimama kituoni alfajiri, nisiulize habari za ridhaa asilani, bali magari mangapi yamempita kila asimamaye hapo, na ameanza kungoja saa ngapi. Maana maswali ya namna hii hata mwenye staha nyingi huyajibu kwa ukweli, kwa kuwa hayamlazimu kumsuta mtu. Ningeanza na wanafunzi. Na majibu ningeomba yabandikwe palepale kituoni, pamoja na jina la ofisi iliyoyapokea, kabla ya mtu yeyote kuulizwa mara ya pili.